Na ya Kutoa

Nimeitwa mengi hapa Nairobi. Nimeitwa mama chapo, nimeitwa auntie, na kuna askari wa kaunti mmoja aliwahi kuniita kizuizi. Nilimpa chapati mbili akanyamaza. Lakini mwizi niliitwa mara moja tu, Ijumaa saa nane mchana, na sababu yenyewe ilikuwa adabu niliyofundishwa na mama yangu mzazi. Nikikumbuka hata sasa, damu inanipanda.

Mimi ni Peres. Jiko langu liko nyuma ya jumba moja refu la ofisi huku Westlands, kwenye maegesho, upande wa jenereta. Miaka kumi na mmoja nimepika hapo chapati na ndengu, na Jumatano matumbo. Kabla ya hapo nilipikia familia moja Kitisuru kwa miaka saba, halafu wakahama nchi, wakaniachia barua nzuri ya shukrani na sufuria mbili kubwa. Barua sijui iko wapi. Sufuria ninazo.

Chapati mia mbili kwa siku, kwa mikono hii. Unakanda, unakata, unasukuma, unachoma, na mteja amesimama hapo na kitambulisho cha ofisi shingoni anakuuliza kama ziko karibu. Mwaka jana vidole vikaanza kufa ganzi. Naamka asubuhi kijiko kinaniponyoka. Nilipoenda kwa daktari alinibonyezabonyeza vifundo vya mikono, akasema mishipa imebanwa, na kama nitaendelea kusukuma chapati kwa mkono, mwaka ujao sitaweza kufunga kifungo cha blauzi yangu mwenyewe. Nikamuuliza, "Nikiacha, nile nini?" Akaangalia kompyuta yake.

Kwa hivyo ilikuwa mashine au nifunge jiko. Hapakuwa na njia ya tatu.

Mashine nilipatiwa na Jacklyne. Ana duka dogo mjini, ghorofa ya pili karibu na barabara ya Luthuli, na kazi yake ni kukusanya mizigo ya watu kutoka Guangzhou na kuipakia kwenye kontena moja. Alinionyesha video: unga unaingia huku umekatwa madonge, unatoka kule umekuwa duara. Nilitazama video hiyo mara ishirini. Mpya ilikuwa bei ya kuumiza roho, lakini kulikuwa na moja iliyotumika kidogo, dola mia sita na arobaini, na ilikuwa moja tu. Mwenye duka kule alitaka pesa yake kabla hajafunga siku ya Ijumaa, saa nne usiku ya kwao, yaani saa kumi na moja jioni ya kwetu. Nikichelewa, kuna mtu wa Ghana yuko nyuma yangu kwenye foleni. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama chetu cha kuchangiana ilikuja Alhamisi. Nikajumlisha na akiba ya miaka mitatu, nikafika.

"Benki itachukua siku tatu," Jacklyne akaniambia. "Yule Mchina anapokea dola za mtandaoni. Tafuta mtu akusaidie kununua."

Sikuhitaji kutafuta mbali. Ghorofa ya sita ya jumba letu kuna kampuni ya kuuza na kununua sarafu za mtandaoni, na msichana wao mmoja, Mwihaki, anakula kwangu kila siku. Chapo mbili, ndengu nzito. Alhamisi hiyo nilimketisha kwenye kreti nikamwambia hatanyanyuka mpaka nielewe.

"Mama Rachael, ni soko tu," akasema. Rachael ni binti yangu. "Watu wanaleta sarafu zao kwetu, tunaziweka pamoja. Wewe kwa simu yako unaona namba. Ukinunua au ukiuza, sisi tunabadilisha namba. Huyu tunampunguzia, yule tunamwongezea. Sarafu zenyewe hazijasonga hata hatua moja, ziko kwa stoo yetu."

"Kwa hivyo mimi sitakuwa na sarafu. Nitakuwa na namba."

"Utakuwa na namba, na utakuwa na sisi."

"Na nyinyi ni akina nani?"

Alicheka mpaka ndengu zikampalia. Lakini nilikuwa nimeshaelewa, kwa sababu mimi mwenyewe nafanya biashara hiyo hiyo. Watu wa jumba hili hunilipa mwanzo wa mwezi. Nampa mtu kadi ya kijani yenye visanduku ishirini, na kila akila natoboa kimoja. Mwenye kadi hana chapati. Ana visanduku ambavyo havijatobolewa, na ana Peres. Unga wa wote uko gunia moja.

"Na siku wenye kadi wote wakishuka kula pamoja?" nikamuuliza.

"Kama unga wao wote upo, utachoka tu, lakini watakula. Shida ni kama ulichukua unga wa kadi ukaokea keki ya harusi ya dada yako, ukisema utarudisha. Kuna kampuni kubwa kubwa huko nje zilianguka hivyo. Watu walikuja na namba zao, wakakuta gunia tupu."

"Na nyinyi je?"

"Sisi nyingi tunazifungia mbali, mahali mtandao haufiki. Za matumizi ya siku ndizo ziko karibu. Lakini sikudanganyi, mama. Ukinunua, usiziache zilale kwetu. Tuma siku hiyo hiyo."

Hapo nikampenda zaidi. Mtu anayekuambia usimwachie pesa yako, huyo ni wa kuketi naye.

Akanisajili. Kitambulisho mbele, kitambulisho nyuma, geuza uso kushoto, geuza kulia, kama nachukuliwa vipimo vya kofia. Akanieleza kwamba shilingi zangu hazingepita kwa kampuni. Ningenunua kwa mtu mwingine, Mkenya kama mimi, anayeuza zake kwa bei yake. Nikishamchagua, kampuni inazifungia sarafu zake katikati, hawezi kuzikimbiza. Namtumia Mpesa, anaona imeingia, anabonyeza "achilia", zinakuja kwangu. Tukikosana, kesi inaenda kwa watu wa rufaa, na yeye Mwihaki ni mmoja wao.

"Na usinunue mia sita arobaini kamili," akamalizia akinyanyuka. "Ongeza kidogo. Kuna ya kutoa, dola moja, ukizipeleka nje."

Ya kutoa. Hilo neno lilinikaa kichwani vizuri, maana lilikuwa neno la kwanza siku hiyo nililokuwa nalijua tangu zamani.

Kwetu mtu akikutumia pesa kwa simu, anaongeza juu ile ajenti atakata ukienda kuichukua, ili mkononi ushike kiasi kamili. Huko ndiko kutuma na ya kutoa. Anayetuma bila kuweka ya kutoa ni mtu wa kukaribisha wageni chai halafu asiwaonyeshe kiti. Marehemu mama yangu ungemtumia elfu moja kavu kavu, angekupigia simu papo hapo kutoka Siaya. "Peres, hii uliyotuma ni yangu ama ni ya ajenti?" Na huwezi kumtajia mtu kwamba umemwekea ya kutoa, ni aibu. Unaweka, unanyamaza, yeye ataona.

Basi Ijumaa, wateja wa mchana walipopungua, nikanawa mikono, nikakaa kwenye kreti, nikafungua simu. Wauzaji walikuwa wengi. Nikamchagua mmoja anayeitwa Muasya, kwa sababu alikuwa ameshauza zaidi ya mara elfu mbili na karibu wote walimsifu. Chini ya jina lake kulikuwa na masharti kwa herufi ndogo. Herufi ndogo sikuzisoma. Nani husoma?

Dola mia sita arobaini na sita, shilingi elfu themanini na nne. Saa ikaanza kuhesabu dakika kumi na tano. Nikaona sarafu za Muasya zimefungiwa katikati, kama Mwihaki alivyosema. Nikaangalia bei za ajenti zilizobandikwa kwenye kibanda cha jirani: elfu themanini na nne, kutoa ni mia tatu na tisa. Nikatuma elfu themanini na nne, mia tatu na tisa. Nikabonyeza "nimelipa". Nikamwandikia, "Habari bosi, nimetuma. Ubarikiwe."

Nikangoja baraka zirudi.

"Mbona umetuma zaidi?" akaandika.

Nikatabasamu, nikasema huyu naye ana haya zake. Nikajibu jinsi mtu mwenye adabu hujibu: "Usijali, hiyo ni yako."

"Yangu ya nini? Kwani tunajuana?"

"Pokea tu, bosi."

Halafu ikaja yote kwa mpigo. "Huu mchezo naujua. Mnatuma zaidi, mnaomba niwarudishie kwa namba nyingine, halafu mnapigia kampuni ya simu pesa yote irudishwe. Wezi nyinyi. Soma masharti: kiasi kamili, si zaidi. Siachilii. Napeleka rufaa."

Yawa! Mimi?

Nilisoma lile neno mara tatu. Wezi. Skrini ikabadilika rangi, ikaandika kwamba oda iko kwenye rufaa, nitapata majibu ndani ya saa ishirini na nne. Saa ishirini na nne! Ilikuwa saa nane na nusu, na saa kumi na moja Mchina anafunga. Shilingi zangu zilikuwa zimeshatoka kwangu, sarafu zilikuwa zimefungwa katikati, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kreti sina chochote isipokuwa namba, tena namba yenyewe ina rangi nyekundu. Miaka mitatu ya akiba.

Nikapanda ghorofa ya sita na aproni yangu yenye unga. Mlinzi wa chini alitaka niandike jina kwenye kitabu, nikamwambia aandike mwenyewe, analijua. Mwihaki akatoka mapokezi mbio, akidhani nimeungua.

Nikamweleza nikihema. Akafunga macho. "Ngai! Mama, ungetuma kamili tu."

"Sasa achilia."

"Siwezi."

"Wewe si ndiye mtu wa rufaa?"

"Kesi imemwangukia mwingine, wa ofisi yetu ya nje. Hata jina lake silijui, tunamwita Kumi na Nne. Na hata ingeniangukia mimi ningelazimika kuikataa. Mtu nakujua, nakula kwako."

"Ndiyo nakuambia! Si mnanijua? Jumba zima linanijua! Miaka minne umekula chapati zangu, Mwihaki. Ukiwa na homa nilikupandishia supu hapa hapa. Leo nimeitwa mwizi na unaniambia habari za Kumi na Nne?"

Watu walikuwa wananyanyua vichwa kutoka kwa kompyuta. Mwihaki macho yalikuwa yamejaa machozi, lakini hakurudi nyuma hata kidogo.

"Mama Rachael, unakumbuka shemeji yako? Yule aliyetaka kula kwa kadi ya mtu aliyekuwa likizo? Ulimfukuza mbele ya foleni. Nikakuuliza kwa nini na ni mtu wako, ukaniambia ukishaingiza mkono wa mtu wako kwa gunia, kesho hilo gunia si la watu tena."

Hakuna kitu kinaudhi kama kupigwa na maneno yako mwenyewe. Nilikuwa nimesema hivyo kweli, na nilikuwa nimesema ukweli.

"Kama naweza kukufungulia wewe kwa sababu nakupenda," akaongeza polepole, "basi naweza kumfungia mwingine kwa sababu simpendi. Ungeweka pesa yako hapo?"

"Nenda ukafanye kazi," nikamwambia. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa najivunia, vyote pamoja, na sikujua nianze na kipi.

"Jibu kila wanachokuuliza," akasema nikiwa mlangoni. "Hata kidogo, usiruke. Na uandike kwa mtu asiyekujua kabisa."

Nikakaa kwenye ngazi kati ya ghorofa ya tano na ya sita. Kumi na Nne alikuwa ameshaandika. "Tafadhali eleza kwa nini kiasi kilichotumwa kinazidi oda kwa shilingi 309."

Nikamweleza, lakini kwanza nikamweleza mambo mengine. Nilimwambia mimi ni mkristo, mama wa watoto watatu, sijawahi kuchukua hata kiberiti cha mtu. Nikamwambia Muasya kama ana mama, mama yake anaona haya leo. Vidole havikuwa vinashika vizuri, kila neno nililiandika mara mbili, na hasira inanizidi. Nikatuma.

"Asante. Tumepokea," Kumi na Nne akajibu. "Tafadhali eleza kwa nini kiasi kilichotumwa kinazidi oda kwa shilingi 309."

Ala! Nilitaka kuitupa simu chini mpaka ghorofa ya kwanza. Kisha nikakumbuka Mwihaki: kwa mtu asiyekujua. Huyo Kumi na Nne, popote alipo, labda hajawahi kusimama kwa ajenti na elfu moja inayotoka ikiwa imepungua. Alikuwa anauliza kwa sababu hajui. Na Muasya je? Muasya nilikuwa nimemwambia "pokea tu", kama matapeli wanavyosema. Hakuna mtu hata mmoja niliyemwambia ile pesa ni ya nini. Adabu yangu ilikuwa imenifunga mdomo.

Basi nikaona haya, na nikasema.

"Ni ya kutoa," nikaandika. "Nimetuma elfu themanini na nne. Akienda kwa ajenti kuitoa atakatwa mia tatu na tisa. Nimemwekea ili asipungukiwe. Siombi irudi. Nanunua mashine ya chapati kwa sababu mikono yangu imekufa ganzi, na mwenye kuiuza anafunga saa kumi na moja. Hiyo ndiyo sababu yote."

Dirisha lile la kuandikiana lilikuwa letu watu watatu, kwa hivyo Muasya aliona. Dakika zikapita. Msafishaji akapita na ndoo yake, akanipa pole bila kuuliza ni ya nini. Saa kumi kasoro tano. Saa kumi. Nilimwona yule mtu wa Ghana akisimama karibu na mashine yangu, ingawa simjui sura.

Saa kumi na dakika kumi, Muasya akaandika.

"Subiri kwanza. Mia tatu na tisa ni ya kutoa?"

"Ni ya kutoa, baba."

"Kamili, mpaka hiyo tisa?"

"Ndiyo bei iliyobandikwa. Ningekuwekea pungufu ya nini?"

"Mama, uko na miaka mingapi?"

"Miaka yangu inaingiaje hapo? Achilia sarafu."

Na hapo akaandika maneno ambayo nimeyahifadhi kwenye simu hadi leo. "Mwaka jana nilitumiwa elfu moja zaidi na mtu kama unavyosema wewe, 'pokea tu'. Halafu akaomba nimrudishie kwa namba nyingine. Nikamrudishia, kisha akapigia kampuni ya simu ikamrudishia yote. Nilipoteza karo ya watoto. Tangu siku hiyo nikiona hata shilingi moja juu, nafunga. Lakini mwizi huweka elfu, huweka mia tano. Mia tatu na tisa hakuna mwizi anaweza kuitafuta. Hata mimi sikuitambua, maana hakuna anayeniwekea hiyo isipokuwa mama yangu, na yeye yuko Kitui na hana kitu. Nisamehe. Nilikuita mwizi."

Kabla sijajibu, simu ikatetemeka. Rangi nyekundu ikatoka. Dola 646, kwa jina langu.

Nililia. Nilikaa kwenye ngazi za watu na aproni yenye unga nikalia kama nimefiwa, na sikuwa nimefiwa. Nilikuwa nimeachiliwa.

Kumi na Nne akaandika mara ya mwisho. "Muuzaji ameachilia. Rufaa imefungwa. Kwa rekodi zetu: 'ya kutoa' ni kitu gani?"

"Ni adabu," nikamwandikia.

Lakini saa kumi na dakika ishirini si saa ya kulia. Nikashuka mbio. Mwihaki alikuwa ameshateremka kwa lifti, yuko kwenye jiko langu amekunja mikono ya shati, anachoma madonge niliyoyaacha, na chapati zingine zinamwungulia upande mmoja.

"Imefungwa," nikamwambia.

"Najua, nimeona kesi imetoka. Sasa hapa naruhusiwa. Lete simu tusome pamoja."

Jacklyne alikuwa amenitumia anwani ya yule Mchina, mstari mrefu wa herufi na namba usiotamkika. Mwihaki alinikataza kuandika hata moja kwa mkono. Nakili, bandika, halafu soma herufi nne za mwanzo na nne za mwisho kwa sauti. Nikasoma. Akanifanya nithibitishe njia ya mtandao tunayotumia ni ile ile aliyoitaja Jacklyne, kwa sababu ukizituma kwa njia ambayo mwenzako hapokei, zinapotea na hakuna rufaa ya kukusaidia. Nikasoma tena. Kampuni ikakata dola yake moja ya kutoa. Nikabonyeza.

Saa kumi na dakika arobaini na mbili Jacklyne akapiga simu akipiga kelele. "Imeingia, Mama Rachael! Imeingia!" Akanirushia picha. Mashine yangu, chuma kitupu kinang'aa, imebandikwa karatasi yenye maandishi makubwa ya kalamu: PERESI. Waliniongezea herufi moja na sikuwalaumu. Siku arobaini na tano iko baharini, halafu iko kwangu. Nilimwonyesha Mwihaki, msafishaji, mlinzi, na mtu wa jenereta ambaye hata huwa hatusalimiani.

"Umenikasirikia bado?" Mwihaki akaniuliza.

"Kidogo," nikasema. "Ile ya shemeji haikuwa lazima uitaje mbele ya watu." Nikamwekea chapo mbili, zile ambazo hazikuungua, na ndengu nzito. Akala akiwa amesimama. Alipomaliza nikachukua kadi yake ya kijani nikaitoboa kisanduku kimoja kama siku zote, na akacheka, na nikacheka, na tukawa sawa.

Alipoondoka nikaanza kufunga. Nikamwaga majivu, nikafunika gunia, nikasugua kibao cha kusukumia na nikakiangalia kwa huruma, kwamba wewe na mimi tumebakisha siku arobaini na tano. Jua lilikuwa bado limeshika vioo vya juu vya jumba. Mikono iliniuma na sikujali.

Simu ikalia ujumbe. Mpesa. Muasya amenitumia pesa.

Nikasema, mkaidi huyu, ameamua kunirudishia mia tatu na tisa yangu, na nilimwambia abaki nayo. Nikaanza kumwandikia maneno makali. Halafu nikaangalia kiasi vizuri, nikavaa miwani, nikaangalia tena. Haikuwa mia tatu na tisa. Ilikuwa mia tatu thelathini na nane.

Nikahesabu kwa vidole vyangu vibovu. Shilingi ishirini na tisa juu. Nikainua macho nikasoma ile karatasi ya bei kwenye kibanda cha ajenti: mia moja na moja hadi mia tano, kutoa ni ishirini na tisa.

Alikuwa amenitumia na ya kutoa.